Afande Hamsini na Saa Yake

Kwa habari za Halimah, ambazo alizigawa bure pamoja na chapati alizouza, Afande Ongom alikuwa anawapeleka watoto wa watu kaburini kwa njia ya mkato. Hakulisema jambo hilo kwa kunong'ona, maana mafuta yalikuwa yanachemka na mnong'ono usingesikika. Alilisema kwa sauti, akigeuza chapati, na kila chapati ilipogeuka habari nayo ilizidi kuiva.

"Mama Akech, mtoto wako bado anapanda ile gari ya shule?" alimwuliza Dolphine, jirani yake, aliyekuwa amefuata chapati mbili tu, bila habari. "Mimi siko na neno. Mimi nauza chapati tu. Lakini ile gari ya Ongom haiendi, inaluka. Simu yangu imesema sabini na moja. Sabini na moja, kwa balabala ya watu!"

"Simu yako ilikuwa ndani ya gari?"

"Ilikuwa hapa hapa kwa meza. Gari ikapita."

Dolphine akampandisha vizuri mgongoni mtoto wake mchanga. Simu ya Halimah aliifahamu. Shemeji yake Halimah aliiwekea kitu cha kupima mwendo, na tangu siku hiyo mwanamke huyo aligeuka askari wa usalama barabarani bila kuondoka kwenye kiti chake cha plastiki. Juzi tu simu hiyo ilitangaza kwamba Halimah mwenyewe, ameketi chini ya bati, anakwenda kilomita arobaini kwa saa kuelekea ziwani. Hakuna aliyemkamata.

Lakini habari ikishakaangwa Namuwongo, mtaa ule wa Kampala ulio kando ya reli, haingoji ipoe. Kufika jioni, sabini na moja ilikuwa imekuwa tisini. Bwana Wandera, mwenyekiti wa wazazi, akaandika kwenye kundi la simu la wazazi kwa herufi kubwa tupu, kama mtu aliyepanda juu ya meza: MKUTANO JUMAPILI ALASIRI. AJENDA NI MOJA. DEREVA. Wandera alikuwa Mkenya kama Dolphine, mtu wa Busia, na aliuza mabeseni ya plastiki kwa jumla katika soko la Nakivubo. Uchungu wake kwa watoto wa gari la shule ulikuwa mkubwa ajabu, hasa ukikumbuka kwamba watoto wake mwenyewe hawakulipanda. Aliwapeleka kwa gari lake. Na kwa bahati njema kabisa, shemeji yake alikuwa dereva, tena hakuwa na kazi.

Wa kufukuzwa, sasa, alikuwa mtu wa namna gani?

Afande Ongom hakuwa afande tena, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Alitoka Kitgum, kaskazini mwa Uganda, akiwa kijana, akaingia polisi, na humo akafundishwa Kiswahili na kuendesha gari, vyote viwili kwa kupigiwa kelele. Ndiyo maana hadi leo Kiswahili chake kilitoka kama amri, hata alipoomba chumvi. Miaka yake ya mwisho kazini aliimaliza kando ya lami, ameshika ile bunduki ya kupima spidi, akiwasimamisha wenye suti na wenye vumbi pasipo kubagua. Wenye suti hawakupenda kutobaguliwa. Akastaafu akiwa na cheo kile kile, mgongo ulionyooka, na cheti ambacho mwandishi wake alimwita Ongon. Alikitia kwenye fremu hivyo hivyo. Mkewe, Concy, mlokole aliyeimba kwaya mpaka sauti ikakauka, alimwombea apate kazi ya kukaa kivulini. Mungu akampa gari la shule, ambalo lina kivuli, ndiyo, pamoja na watoto wanaotapika.

Shule yenyewe, wazazi walisema, iko Ntinda, mtaa wa wenye nacho. Ukweli ni kwamba ukishafika Ntinda, ukapita supamaketi, ukapita majumba yenye mageti, ukateremka bondeni mpaka ukadhani umepotea, hapo ndipo unaiona shule. Lakini kwenye sweta imeandikwa Ntinda, na hilo lilimtosha mzazi wa Namuwongo kumtoa mtoto kitandani gizani, ili gari liwahi kupita kabla ya jamu ya magari.

Kwa hiyo kila alfajiri watoto walisimama mstari kando ya reli, vichwa vimeinama kwa usingizi.

"Askari yangu!" Ongom aliita.

"Afande!"

"Nani hapana nawa uso?"

Wote walitazama viatu. Askari hawachongeani.

"Haya. Panda moja moja. Mkanda! Hakuna kutoa kichwa kwa dirisha. Kichwa ni mali ya mama yako!"

Akech, binti wa Dolphine, aliyekuwa darasa la kwanza, aliyapenda mambo hayo kupita kiasi. Nyumbani alimwamuru baba yake asimame wima kabla ya kupewa chai, na baba, Sylvanus, aliyekuwa ametoka zamu ya bohari huko viwandani, alisimama.

Halafu ilikuwepo ile hamsini. Kile kipima mwendo cha kwenye dashibodi, Ongom alikiita saa, kama walivyokiita kwenye gereji ya polisi, na saa kwake ilikuwa sheria. "Gari yangu hapana pita hamsini," alimwambia kila mzazi, alimwambia muuza maboga, aliwaambia hata watu wa msibani. "Mshale ikigonga hamsini, mguu yangu inatoka yenyewe. Hata nikitaka, inakataa." Wakampa jina: Afande Hamsini. Halimah aliposikia jina hilo mara ya kwanza alidhani ni umri, akashangaa mzee mzima kujipunguzia miaka waziwazi namna ile.

Ndiyo maana maneno ya chapati yalimkaa Dolphine kama mfupa wa samaki kooni. Mmoja wao alikuwa mwongo, mzee au simu, na Dolphine hakuwa na raha na jibu lolote kati ya hayo mawili. Kwenye kundi wazazi walikuwa wanashindana kuandika "Yesu wangu" na kuweka vikatuni vinavyolia. Yeye hakuandika kitu. Ijumaa alfajiri alimfunga mdogo mgongoni, akamshika Akech mkono, akamwambia Ongom anakwenda kumwona mwalimu kuhusu kikohozi cha mtoto.

"Karibu, mama. Ingia mstari."

"Na mimi, Afande?"

"Hapa hakuna mtu mkubwa. Kuna abiria."

Akaingia mstari, nyuma ya kijana wa chekechea aliyekuwa amevaa viatu kinyume.

Garini alikaa kiti cha nyuma ya dereva, ubavuni mwa Akech, mahali ambapo saa ilionekana vizuri juu ya bega la Ongom. Walipotoka kwenye matope na kukamata lami ya barabara ya Jinja, mshale ulipanda taratibu, ukafika hamsini, ukakaa hapo kana kwamba umepigiwa msumari. Mzee hakuwa mwongo. Dolphine akapumua.

Kisha akatazama nje, na ile pumzi ikarudi ndani.

Walikuwa wanazipita bodaboda. Dolphine alikuwa amekaa Kampala muda wa kutosha kujua kwamba bodaboda haipitwi. Bodaboda ndiyo inayopita, kulia, kushoto, na ikibidi juu ya kinyesi cha ng'ombe na mguu wa mwenye ng'ombe. Asubuhi ile walimpita mmoja, wakampita wa pili. Wa tatu alikuwa amebeba mlango wa chuma, huyo Dolphine alimsamehe. Gari la watoto linalotambaa kwa hamsini lilikuwa linawaacha vijana wa bodaboda barabara ikiwa tupu, na mshale umetulia, mtakatifu.

Akatoa simu, akafungua kipima mwendo kama kile cha Halimah, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha, ione mbingu yenye setilaiti. Palikuwa pamenyooka, hapana daraja wala ghorofa ya kuizuia. Namba zikacheza kidogo, zikatulia. Hamsini na nane. Hamsini na tisa. Hamsini na nane. Akatazama mshale: hamsini. Akatazama simu. Akatazama kisogo cha Akech, na mistari ya nywele aliyoisuka mwenyewe jana, mmoja umepinda kwa sababu mtoto hakutulia. Akaweka mkono wake kati ya kichwa hicho na chuma cha kiti cha mbele, akauacha hapo mpaka Ntinda. Akech aliusukuma mara mbili. Ukarudi mara mbili.

Watoto waliposhuka, alibaki.

"Afande, kule kwenye lami tulikuwa tunaenda ngapi?"

"Hamsini."

"Simu imesema hamsini na nane."

"Simu ya nani?"

"Yangu."

Ongom akacheka, kicheko cha mtu aliyewahi kusikia utetezi wa kila aina. "Simu ya Halimah ilisema Halimah iko ndani ya ziwa."

"Ile ilikuwa chini ya bati, Afande, na Halimah alikuwa amekaa. Hii yangu ilikuwa inaona mbingu, na sisi tulikuwa tunaenda sawasawa bila kupunguza."

"Mama Akech. Hii saa imetengenezwa Japani. Simu yako imetoka wapi?"

"Nakivubo."

"Ona sasa," Ongom akasema, akawasha gari, na kesi ikawa imefungwa.

Ila haikufungwa. Njia nzima ya kurudi, mtu ambaye hata taa nyekundu huitolea maoni, alikuwa anaigonga saa kwa kidole. Mara mbili Dolphine alimwona akitazama bodaboda zilivyobaki nyuma kwenye kioo. Jumamosi jioni akatokea kwenye kibaraza cha Dolphine, kofia mkononi, akasimama wima kama anayetoa ripoti.

"Kesho, baada ya misa, mimi napima. Lakini mtu hapana pima kesi yake mwenyewe. Wewe utashika muda."

"Na kama simu ni kweli, Afande?"

"Nilikamata watu miaka mingi," alisema Ongom, akitazama reli. "Kila mtu alisema saa ya gari yake ilionyesha kidogo. Kila mtu! Mimi nikasema, nyinyi wote waongo." Akavaa kofia. "Baada ya misa."

Halimah alijitolea kubaki na mtoto mchanga, kwa upendo tu, na kwa sharti kwamba yeye ndiye ataambiwa wa kwanza.

Jumapili asubuhi baipasi, ile barabara inayouzunguka mji, ilikuwa nyeupe, bila magari. Ongom alikuwa bado na suruali ya kanisani, mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Kando ya barabara zilisimama nguzo za kilomita, na mpango wake ulikuwa wa kipolisi: kushikilia mshale palepale, bila kuongeza wala kupunguza, kutoka nguzo hadi nguzo.

"Hamsini, kilomita moja inakula dakika moja na sekunde kumi na mbili," alisema. "Walitufundisha kozi. Ikikula hiyo, simu yako tutaitupa. Ikikula chini..."

Mshale ukapanda. Hamsini. Nguzo ya kwanza ikaja.

"Anza!"

Dolphine akabonyeza. Alikuwa hajawahi kuiombea nguzo ichelewe, lakini asubuhi ile aliiombea. Haikusikia. Ilijitokeza mbele, ikakua, ikapita dirishani.

"Fika!"

"Dakika moja na sekunde mbili, Afande."

"Tena."

Wakapima tena hadi nguzo iliyofuata. Dakika moja na sekunde mbili. Wakageuza, wakapima wakirudi, labda barabara ilikuwa inateremka na kuwadanganya. Dakika moja na sekunde tatu.

"Sekunde kumi zimekwenda wapi?" Ongom akauliza, akiangalia ndani ya gari kana kwamba kuna mtoto amezitia mfukoni.

Akaegesha pembeni. Akashuka, akazunguka gari, akapiga goti kwenye vumbi na suruali ile ile, akaanza kukagua chini kama anayetafuta bomu. Dolphine naye akashuka. Hakujua magari. Alichokiona tu ni kwamba mzee amepiga goti, na tairi liko karibu sawa na kifua chake.

"Afande, haya matairi si ndiyo yale ya mvua?"

Yalikuwa yale ya mvua. Msimu uliopita mtaro wa Nakivubo ulifurika, kama kawaida yake, maji yakaingia garini, watoto wakafika shuleni soksi zikichuruzika. Wazazi wakachemka. Wandera alisimama mkutanoni akapiga meza: gari liinuliwe! Watoto wetu si kambare! Makofi yakapigwa, mchango ukachangwa, na fundi mmoja akaleta matairi makubwa yaliyowahi kubeba gari la watu wa mashambani, akayalazimisha yakaenea. Wandera alipigwa picha ameweka mkono juu ya tairi, kama mwindaji na nyati wake. Halimah alikaanga chapati za sherehe na kuyaita maendeleo. Ongom pekee aliuliza kama gari halitabadilika, akajibiwa kwamba tembo ana miguu mikubwa na huenda polepole. Mkutano mzima ukacheka, na kila mtu akarudi nyumbani ameelimika.

"Hii saa," Dolphine akauliza, "inaona barabara?"

"Itaona na nini? Inahesabu gurudumu. Gurudumu ikizunguka, inahesabu."

"Mimi nikitembea na Akech, hatua zangu kumi yeye anazifanya kumi na tano. Mtu akihesabu hatua zangu akidhani ni za Akech, atasema sijafika mbali." Akaona aibu kidogo kwa kusema sana. "Nani aliiambia saa kwamba gurudumu limekua?"

Ongom aliweka kiganja juu ya tairi, akakitembeza kufuata duara lake polepole mpaka mkono ukafika ardhini. Saa ya Japani haikuwa imedanganya. Ilikuwa imeendelea kuhesabu hatua za mtoto, wakati gari linapiga hatua za mama yake, na Ongom, mkamataji wa waongo, alikuwa ameapa kwa jina la saa hiyo kila asubuhi mbele ya askari waliofunga mikanda.

"Kumbe wale watu," alisema mwishowe, "wengine walikuwa wasema kweli."

"Inatengenezeka, Afande?"

"Matairi ya zamani irudi. Au fundi arekebishe saa. Kwa sasa, mshale yangu ni arobaini na tatu. Arobaini na tatu kwa hii saa, hamsini kwa lami." Akajaribu kutabasamu. "Watasema Afande amezeeka, hata hamsini imemshinda."

Hawangesema hilo, na wote wawili walijua. Alasiri hiyo hiyo Wandera angesimama na ajenda yake moja. Akisikia hamsini na nane, hangesikia kingine. Neno tairi lingemwingia sikio moja na kutokea kwenye picha yake. Ongom angeondoka, shemeji wa Wandera angepanda, na Akech angekaa kiti kile kile, juu ya matairi yale yale, na saa ile ile ingemwambia dereva mpya hamsini. Tofauti ni kwamba shemeji, kwa jinsi Dolphine alivyomsikia akijisifu, hakuwa na mguu unaotoka wenyewe.

Na palikuwa na njia rahisi kuliko zote. Wazazi wapandishwe garini wauone mshale, hamsini, kimya, ushuhuda wa Japani. Simu ya Halimah ichekwe. Watu wawili tu duniani walikuwa wamezihesabu zile sekunde, na mmoja wao hakuwahi kunyoosha mkono kwenye mkutano hata kuomba dirisha lifungwe. Dolphine aliiona njia hiyo ikipita usoni kwa mzee. Ilipita haraka, ila ilipita.

Ongom akasimama, akajikung'uta vumbi magotini. Halikutoka. Akamfungulia mlango wa mbele, kitu ambacho hakuwahi kumfanyia abiria, kisha akaushikilia bila kuufunga.

"Mama Akech. Nina ombi moja."

"Sema, Afande."

"Kwa mkutano, usiniache mimi niseme. Mimi ni mshtakiwa. Mshtakiwa akisema, ni kelele tu. Nimesikia kelele hiyo miaka yangu yote na sikuandika hata neno. Wewe ndiye shahidi. Simama wima. Sema saa ilionyesha hamsini. Na sema gari ilikwenda hamsini na nane. Mbili zote, binti yangu, pamoja, kwa pumzi moja. Ukisema moja peke yake, hata ile ya kuniokoa, tafadhali kaa chini."